Lenzi ya Sura

Ukimtaka Kioo, usiulizie jina alilopewa na wazazi wake. Hata mwenye jengo anayempangisha chumba, jina hilo lilishampotea. Ulizia Kioo, utaelekezwa kwenye duka jembamba lililobanwa kati ya mtu wa fotokopi na kinyozi, mlango wa buluu, kabati la vioo mbele, na nyuma ya kabati mwanamume mrefu, mabega yameanza kuinama, anaipulizia lenzi pumzi na kuifuta kwa kitambaa laini. Huyo ndiye. Anauza lenzi zilizokwisha kutumika na vikorokoro vyote vinavyozifuata: vifuniko, filta, mikanda ya shingoni, betri, kadi za kumbukumbu, stendi za miguu mitatu.

Watu wa kamera, tusifichane, wana wazimu wao. Mtu ana lenzi moja nzuri nyumbani, hajaijua hata nusu, lakini usingizi haumpati kwa sababu ameona nyingine shingoni kwa mwenzake. Kioo aliwajua kwa namna walivyoingia, macho yakitangulia kabatini kabla hata ya salamu. Siku moja aliingia karani wa benki, kijana nadhifu, akaomba lenzi ndefu kuliko zote, ile yenye ukubwa wa chupa ya chai.

"Unataka kupiga nini?" Kioo akamuuliza.

"Ndege. Simba. Vitu kama hivyo."

"Sawa. Jana ulipiga nini?"

"Jana? Mwanangu. Alikuwa anakula, kajipaka chakula mpaka masikioni."

"Na juzi?"

"Mwanangu."

"Wiki iliyopita?"

Kijana akaanza kucheka. "Mama yangu alikuja kumwona mwanangu."

"Sasa simba anaingia wapi hapo, ndugu yangu?" Akamtolea lenzi ndogo ya milimita hamsini, nyepesi, isiyovuta mbali wala kupanua. "Chukua hii. Ukitaka kumkaribia mtoto, tembea. Miguu si unayo? Lenzi usinunulie maisha unayoyaota. Nunulia siku zako za kawaida, watu unaokula nao. Na ununue filta ya kukinga kioo, maana huyo mtoto ataipaka chakula nayo."

Kijana akaondoka na hamsini yake, na baadaye akarudi kushukuru. Ndivyo Kioo alivyokuwa. Ushauri huo aliugawa bure, kutwa nzima, kwa yeyote aliyesimama mbele ya kabati lake, na wote uliwafaa. Mtu mmoja tu ndiye hakuutumia, yeye mwenyewe, na unaweza kumkasirikia mpaka ukataka kumtikisa mabega. Lakini ukimwona alivyo leo, hasira zinakuishia mdomoni.

Mkewe alifariki asubuhi, hospitali, baada ya kuugua muda mrefu. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa nchi nyingine kikazi. Alilia kwenye simu mpaka sauti ikakauka, na ilipomrudia, kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa kidogo.

"Baba, nitafutie picha ya mama. Nzuri. Ya kuweka mezani ukumbini siku ya kumuaga, watu wakiingia wamwone. Na baadaye nitaondoka nayo."

"Picha?" Kioo akasema. "Mwanangu, picha za mama yako ziko nyingi, utachoka kuchagua."

Hakuwa anamdanganya. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Kama kuna mwanamke duniani aliyebonyezewa kamera usoni kila wiki ya ndoa yake, basi ni huyo.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, na alasiri mwanga uliingia hapo kwa ubavu, laini, bila kuchoma. Kioo aliupenda mwanga huo kuliko mwanga wowote mjini. Kila lenzi iliyoingia dukani ilipitia nyumbani kwanza. Akishaifungua, akatoa vumbi na ukungu, akaikaza tena, aliibeba kwenye begi, akifika tu nyumbani anasimama mbele ya cherehani kabla hajavua viatu.

"Mama watoto, niangalie."

Mama watoto, ingawa mtoto ni mmoja. Naye angeinua kichwa, sindano bado iko mdomoni.

"Usipumue."

"Nisipumue mpaka lini?"

"Kidogo tu."

Angebonyeza, akafungua tundu la lenzi zaidi, akabonyeza tena, akalibana, akabonyeza. Halafu angeinamia kioo cha nyuma cha kamera na kuikuza picha. Akuze, akuze, uso uondoke, paji liondoke, pua iondoke, libaki jicho moja limejaa kioo kizima. Hapo ndipo alipotazama. Kama kope zilionekana moja moja, lenzi ni nzima. Kama zilikuwa zimeshikana kama uzi uliolowa, lenzi ina kasoro na mteja lazima aambiwe.

"Kope zimetoka," angesema kwa furaha.

"Na mimi nimetoka?" mkewe angeuliza.

"Wewe hukuwa unapigwa, ulikuwa unapimiwa lenzi."

"Haya. Wenzangu wameolewa, mimi nimefanywa rula."

Walicheka. Tuseme kweli, walicheka sana nyumba ile. Mkewe alijishonea hata gauni la mirabamiraba, miraba midogo iliyonyooka, kwa sababu mumewe alisema miraba inaonyesha haraka kama lenzi inapindisha mambo pembeni. Mwanamke gani mwingine angekubali kuvaa gauni kwa ajili ya pembe za picha?

Akimaliza kupima, Kioo alifuta kadi yote. Hiyo ilikuwa sheria yake, na aliwafundisha wateja wake pia: kila kazi ianze na kadi tupu, kadi iliyojaa takataka itakuangusha siku ya harusi ya mtu. Alikuwa na adabu nayo kama wengine walivyo na adabu ya kunawa mikono. Kitu pekee alichohifadhi kwenye kompyuta ya duka kilikuwa vipande vya macho. Alikata jicho tu, akaliweka na namba ya lenzi, ili mteja akiuliza "hii iko vipi?" amwonyeshe. Kompyuta yenyewe ilikuwa kongwe, nafasi haba, ya kuweka uso mzima ilitoka wapi? Wateja waliokuja nyumbani kuchukua mizigo walimtazama mkewe na kushangaa. "Aa! Kumbe ndilo jicho lenyewe hili." Naye aliwapepesea jicho.

Na simu? Utauliza, maana siku hizi nani hana simu yenye kamera. Binti alikuwa nayo. Likizo moja alimpiga mama yake akikata kitambaa, akaja kumwonyesha baba kwa furaha. Kioo akaishika ile simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa samaki aliyechina.

"Simu ina lenzi pana, mwanangu. Ukimsogelea mtu nayo, pua inakuja mbele, masikio yanarudi nyuma. Tazama."

Mkewe akachungulia. "Mama yangu! Hii pua ya nani? Futa, futa kabla haijasambaa!"

Ikafutwa, kwa vicheko. Tangu siku hiyo kila binti alipoinua simu, mama aliinua kiganja mbele ya uso. "Subiri baba yako. Baba yako atanipiga inavyotakiwa." Kwenye picha za ndugu alijificha nyuma, au alijigeuza, au kiganja kilikuwa juu. Wote wawili walikuwa wanamngoja fundi, na fundi alikuwa hapo hapo, ameshika kamera.

Fundi naye alikuwa anangoja lenzi ya sura. Ile ya themanini na tano. Kwa aliyenunua hamsini kwa ajili ya siku za kawaida, themanini na tano ni lenzi ya siku moja: unasimama mbali kidogo, uso unatoka ulivyo, hauvimbi wala hausinyai, na vyote vilivyo nyuma vinayeyuka. Zilikuja dukani kwa nadra, na zilipokuja hazikukaa. Kila moja ilikuwa tayari ina mtu wake.

"Nyingine ikija ni yako," alikuwa akimwahidi mkewe.

"Kila lenzi ya sura ikija inaondoka kwenda kupiga sura za wenzangu," mkewe alimjibu, bado kwa utani.

Siku moja haikuwa utani. Alikuwa ameshona gauni la kijani, mara ya kwanza baada ya miaka mingi kujishonea mwenyewe nguo nzuri, na hakuwa anakwenda popote nalo. Alisuka, akapaka wanja, akatembea kwa miguu mpaka dukani, akasimama kwenye mlango wa buluu.

"Leo sitaki kupimiwa lenzi," alisema. "Leo nipige picha. Moja. Ya kuweka."

Kioo akafurahi, akamsifu, akamzungusha. Halafu akatazama kamera. Ilikuwa na lenzi pana.

"Kwa hii nitakuharibu, mama watoto."

"Na ile?" Kabatini, kwenye kiboksi, ilikuwepo themanini na tano.

"Ile ina mwenyewe, anaifuata mchana. Nimeshaisafisha na kuifungasha."

"Ifungue."

"Nimeshaifungasha."

Mkewe akamtazama. "Ningekuwa mteja ungeifungua," alisema, akarudi nyumbani na gauni lake la kijani. Jioni alikuwa amelivua na kulikunja. Kioo alidhani amesahau, na yeye pia akasahau.

Baada ya hapo ndipo maradhi yalipoingia.

Basi siku ile ya msiba, baada ya simu ya binti, Kioo alifungua duka mchana bila kuwasha taa ya nje, akakaa mbele ya kompyuta kongwe. Akafungua jalada la picha za majaribio. Macho. Akateremka. Macho. Jicho la kulia la mkewe, mamia, limekatwa kwenye nyusi juu na kwenye shavu chini, kila moja na namba ya lenzi. Hapa jicho halina hata mkunjo mmoja, hapa mkunjo wa kwanza umeingia pembeni, hapa miwili. Kuna jicho linalocheka na jicho lililochoka. Alitafuta uso mpaka mwisho wa jalada, akarudi juu, akaanza upya taratibu kana kwamba mara ya kwanza ameruka.

Hapo ndipo alipoelewa. Alishika kichwa kwa mikono miwili na kusema kwa sauti, dukani, peke yake, "Nimefanya nini mimi?" Kinyozi upande wa pili wa ukuta alizima mashine yake kusikiliza.

Ilikuwepo picha ya harusi. Aliifotoa ile ya ukutani akamtumia binti.

"Baba, huyu ni bibi harusi," binti akamwambia kwa upole. "Ni mzuri, lakini mimi simjui. Nataka mama yangu. Yule wa kwenye cherehani."

Ilikuwepo ya kitambulisho, ndogo, nyeusi, mwenyewe alikuwa akisema anafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Binti naye alikuwa na zake kwenye simu, zote kiganja kiko mbele.

Sasa, Kioo alikuwa na ujuzi mmoja uliowafanya wateja wamwone mchawi. Alijua kwamba kadi ikifutwa haijafutwa kweli. Kamera inasahau tu picha ilipo, lakini picha yenyewe inabaki imelala pale mpaka nyingine iandikwe juu yake. Alikuwa na programu ya kuziamsha. Maharusi waliofuta picha zao kwa bahati mbaya walimwendea wakilia na kuondoka wakimwombea heri. Basi akakusanya kadi zake zote za majaribio, akaziingiza moja baada ya nyingine.

Zikaamka picha za gazeti. Wakati wote wa ugonjwa, mkewe hakuweza tena kukaa dirishani, na Kioo alikuwa akipimia lenzi kwenye ukurasa wa gazeti aliougandisha ukutani. Kadi zote zilikuwa zimeandikwa juu yake gazeti, gazeti, gazeti, bei ya saruji na matokeo ya mpira. Chini ya magazeti hakukuwa na kitu tena.

Ikabaki kadi moja. Ilikuwa nyumbani, ndani ya kamera aliyoifungia kabatini na hakuigusa tena. Kioo alijua kilichokuwemo. Alijua tangu binti alipouliza, na ndiyo maana aliianza kazi kwa kadi nyingine zote.

Mkewe akiwa karibu na mwisho, kabla hajarudishwa hospitali, mtu alileta dukani themanini na tano. Safari hii Kioo hakuiweka kabatini. Hakumpigia simu mteja yeyote. Aliisafisha, akafunga duka mchana kweupe, akaenda nyumbani.

Mkewe alikuwa amekalishwa kwenye kiti karibu na dirisha, mito kila upande. Nywele zilikuwa zimekwisha zote. Mashavu yameingia ndani, na macho yamekuwa makubwa kwa sababu kila kitu kingine kilikuwa kimepungua.

"Imekuja," Kioo alimwambia.

"Ile ya sura?"

"Ile ya sura. Na haina mwenyewe. Ni yako."

Mkewe akaitazama lenzi, akatabasamu. "Maskini mume wangu," alisema. "Sasa sura iko wapi?"

Kioo akapiga magoti pale alipo. Mkewe akamwacha alie kidogo, halafu akamgusa kichwani.

"Inuka. Nipimie, kama zamani. Ya kupima tu, si ya kuweka. Ukishapima, futa."

Akaweka kadi tupu, kama ada yake. Akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka kwenye mlango, maana lenzi hiyo inataka nafasi.

"Nisipumue?" mkewe aliuliza.

"Pumua," Kioo alisema. "Pumua tu, mama watoto."

Akabonyeza mara moja. Akampelekea kamera aone. Mkewe aliitazama picha kwa muda mrefu, akipumua kwa shida.

"Lenzi nzuri," alisema. "Futa."

"Hii hapana. Nakuomba. Hii tu."

"Futa. Mtoto asinione hivi." Alikuwa ameficha kwa jitihada kubwa. Binti alipopiga simu ya video, mama alizima kamera na kusema mtandao mbaya. Hata jeneza aliagiza lifungwe huko huko hospitali. "Aliniacha nina mwili, nina nywele. Abaki na huyo. Huyu ni wa kwako, umeshamwona, basi."

Kioo akafuta mbele ya macho yake.

"Na kule unakowarudishia watu picha zao, usiende."

Alikuwa mke wa fundi, alijua kila kitu.

"Siendi," Kioo alisema.

Sasa alikuwa amekwenda. Aliirudisha kamera dukani kwenye begi, akaichomoa kadi, akaiingiza kwenye kompyuta. Programu haikuhangaika. Picha ilikuwa peke yake kwenye kadi nzima, hakuna kilichoandikwa juu yake, ikatokea mara moja.

Hakuikuza. Kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kazi hiyo hakulitafuta jicho. Aliuacha uso mzima ukae kwenye kioo. Kichwa kitupu, shingo nyembamba, kola ya gauni imekuwa kubwa mno kwake. Nyuma yake dirisha limeyeyuka likawa mwanga mtupu. Alikuwa hatazami lenzi. Alikuwa anamtazama yeye, aliyesimama nyuma ya lenzi, kwa huruma, kama mtu anayejua kitakachompata mwenzake. Kioo alikuwa amepiga watu wengi maishani, na hakuwahi kupiga picha nzuri kama hiyo. Alimpenda mwanamke yule mpaka akalazimika kuegemea kabati.

Programu ikauliza picha ihifadhiwe wapi.

Simu ikalia. Binti.

"Baba, umepata?"

"Bado natafuta."

"Hata moja inatosha. Hata kama si nzuri, Baba, hata kama imetikisika. Mimi nakumbuka alivyokuwa, lakini naogopa. Nikifumba macho sasa hivi namwona, je mwaka kesho?"

"Unamwonaje ukifumba macho?"

Binti akafikiri. "Ananifungia zipu ya sanduku. Amelikalia, anacheka, nywele zimemtoka kwenye kitambaa. Siku ile naondoka." Kisha akauliza: "Mwishoni alikuwaje, Baba? Niambie kweli. Kila nikipiga mtandao ulikuwa mbaya."

Kioo alikuwa anamtazama mkewe, na mkewe anamtazama yeye.

"Mtandao ulikuwa mbaya kweli," alisema. "Alikuwa hivyo hivyo. Amechoka kidogo tu."

Alipokata simu alikaa na ule uso mpaka mtu wa fotokopi alipoanza kuteremsha mlango wake wa bati. Kisha akafunga programu bila kuijibu. Akairudisha kadi kwenye kamera, akaifunika lenzi kwa kifuniko chake, akashika kibonyezo. Kufuta hakutoshi, yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu. Lazima uandike juu yake. Akabonyeza. Giza moja likaingia kwenye kadi. Akabonyeza tena, na tena, machozi yakimdondoka kwenye mkono, picha nyeusi juu ya picha nyeusi, hata aliposhajua kwamba yule mwanamke ameshafunikwa aliendelea, mpaka kamera ikamwandikia kwamba kadi imejaa.

Siku ya kumuaga binti alikuwa amefika. Ukumbini waliweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe na maua, na juu yake picha ya harusi, fremu ile ile ya ukutani. Jeneza lilikuwa limefungwa. Watu waliingia wakasimama mbele ya meza, wakamtazama yule msichana wa miaka ishirini na kitu anayecheka, na wengi wao walionekana kupotea kidogo. Walimjua mshonaji aliyewapunguzia suruali za watoto. Huyu hawakuwahi kukutana naye.

Jirani mmoja, mama wa makamo aliyehamia mtaani majuzi, alimshika binti mkono, akamtazama, akaitazama picha.

"Huyu ni wewe, mwanangu?"

"Hapana," binti alijibu. "Ni mama."

Akabaki amesimama pale hata jirani alipokwisha kupita. Kisha akaja kukaa karibu na baba yake kwenye safu ya mbele, akasema kwa sauti ya chini, bila kumgeukia.

"Uliniambia ziko nyingi, nitachoka kuchagua."

"Nilidhani ziko."

"Miaka yote ile, Baba. Pale dirishani. Kila jioni unarudi na kamera, kila jioni unamwambia asipumue. Nilikulia hapo, niliona kwa macho yangu." Akaitazama tena ile picha ya harusi. "Wateja wako wote umewafundisha kupiga watu wao. Ya mama huna hata moja? Hata moja tu?"

Kioo alilitazama jeneza.

"Hata moja," alisema.

Binti akamgeukia, akamtazama kama mtu aliyekaa karibu naye kwa bahati mbaya. Akachukua mkoba wake, akahamia safu ya nyuma kwa mama zake wadogo, na Kioo akabaki na viti vitupu pande zote mbili.